Mgeni njoo, nani apone?

Ndugu zangu, ukimwona binti wa Kizungu wa miaka 18 akigombania daladala Mbagala na watoto wa familia aliyofikia, usidhani kujitolea huku ni mambo ya juzi.

Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha VSO kule Uingereza. Wa mwanzo walikuwa vijana waliomaliza sekondari, wakisubiri chuo kikuu. Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani akaunda Peace Corps, na kabla ya Uhuru wa Desemba 9 kundi lake la kwanza likawa limeshatua Tanganyika. Hao walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Wataalamu wetu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na barabara zilikuwa zinawasubiri.

Mwaka 1969 Peace Corps ikafungasha virago. Vita ya Vietnam ilikuwa imetia doa, na siasa ya kujitegemea ya 1967 haikutaka tuwaachie wageni madarasa yetu. Ilirudi 1979.

Sasa nauliza. Mhandisi wa 1961 aliziba pengo. Huyu wa miaka 18 anayefundisha Temeke, wakati vijana wetu wenye vyeti vya ualimu wako mtaani wanasubiri ajira, anaziba lipi? Mama anayempikia, kumfundisha Kiswahili, kufua kwa mikono na kuwaamkia wakubwa, ndiye mwalimu hapo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naona anayepona ni mgeni. Aje tu, karibu sana, ila ajue amekuja shule.