Zao Lisilo na Kisasili: Ngano katika Unyanyembe ya Misafara

Wanaoandika historia ya ngano wana mazoea ya kuanzia Mashariki ya Kati, ilikoanza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita, na safari yao ya kutoka shambani hadi hekaluni haichukui hata ukurasa mmoja. Wagiriki walimkabidhi Demeter ulinzi wa nafaka na kumfanyia ibada za siri kule Eleusis. Wamisri walitengeneza umbo la Osiris, wakalijaza udongo na mbegu za nafaka, wakalizika pamoja na maiti ili mbegu zichipue gizani; umbo la namna hiyo lilikutwa hata katika kaburi la Tutankhamun. Mifano hii imerudiwa mno hadi imegeuka kuwa kanuni isiyohojiwa: palipolimwa ngano, pana kisasili chake na sanaa yake.

Tabora haifuati kanuni hiyo. Katika Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi unaouzunguka mji huo, karne ya 19 ngano ilipandwa, ikavunwa, ikasagwa na kuliwa, lakini katika masimulizi ya Wanyamwezi ninayoyafahamu haikupata mzimu wa kuilinda, wala katika nakshi za mji haikupata pa kukaa. Jibu la haraka ni kwamba ilikuwa chache mno. Uchache peke yake hautoshi kueleza: dhahabu ni chache kuliko ngano, na hekaya zake hazihesabiki. Ninachodai hapa ni kwamba nafaka hupata kisasili pale ambapo kukosekana kwake kunaua. Ngano ya Unyanyembe haikumwua mtu kwa kukosekana. Ilikuwa chakula cha heshima, iliyoliwa na wachache na kulimwa kwa mikono ya wasioila.

Tuanze na sinia. Henry Morton Stanley aliingia Kwihara, jirani na Tabora, tarehe 23 Juni 1871, baada ya miezi mitatu ya njia kutoka Bagamoyo. Mwenyeji wake alikuwa liwali Said bin Salim, mtu ambaye miaka 14 kabla ya hapo aliuongoza msafara wa Richard Burton na John Speke kutoka pwani. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, kabla hajakaa sawasawa aliletewa wali, mchuzi wa kuku, mikate mikubwa ya ngano ipatayo dazeni, vitu vya kukaanga vilivyokuwa bado vinatoa moshi, mapapai, makomamanga na malimau. Msomaji wa pwani anaitambua meza hii mara moja. Ni karamu ya Unguja iliyohamishiwa bara, na kila kilichomo kina kauli: hapa pana waungwana, hapa pana dini, hapa mgeni hapewi ugali wa mtama.

Ngano ya mikate hiyo ilitoka wapi? Wengi hudhani ililetwa na misafara. Hesabu ya mzigo inakataa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo hivi. Kwa safari ya siku 90, mtu huyo alikula zaidi ya kilo 60, karibu mara mbili ya mzigo aliobeba, na ujira wake ulikuwa bado haujaguswa. Ndiyo maana barabara ile ilipitisha vitambaa, ushanga na waya kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Unga usingelipa hata nusu ya njia. Aliyetaka mkate wa ngano Tabora alilazimika kuilima Tabora.

Na ililimwa. Stanley anaeleza kwamba Waarabu walipanda ngano kidogo kuzunguka matembe yao kwa matumizi ya nyumbani, pamoja na michungwa, mipapai, miembe, vitunguu, bilinganya na nyanya. Verney Lovett Cameron, aliyefika miaka miwili baadaye, naye aliziona bustani hizo na ngano yake. Neno la kusisitiza katika taarifa hizi ni bustani. Ngano haikwenda mbugani kushindana na mtama. Ilikaa karibu na ukuta, karibu na kisima, chini ya jicho la mwenye nyumba.

Hali ya hewa ilikuwa na sehemu yake katika hilo. Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mvua huanza Novemba na kukata Aprili au mwanzoni mwa Mei, na joto la masika lenye unyevunyevu huikaribisha kutu, ugonjwa ambao ndio uliowatesa walowezi wa Njoro kule Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Msimu unaoifaa ngano hapa ni kipupwe, Juni na Julai, usiku unapopoa. Lakini wakati huo tone la mvua halipo. Kwa hiyo kila tuta lilihitaji maji ya kuchotwa, na maji ya kuchotwa yanahitaji mtu wa kuyachota asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Mtu huyo katika Unyanyembe ya wakati ule alikuwa, mara nyingi, mtumwa. Nyumba kubwa za Tabora zilitegemea kazi za watumwa shambani, na hata wenyeji wa Kinyamwezi waliokuwa safarini na misafara waliacha watumwa wakiwalimia. Ukiuondoa utumwa kwenye hesabu ya bustani ile, mkate mmoja wa ngano unakuwa ghali kuliko ng'ombe. Ninatia chumvi, ila si nyingi.

Tofauti na mtama inajitokeza hapa. Mtama uliingia katika siasa. Mtemi wa Unyanyembe aliaminiwa kuwa na dhamana ya mvua, na afya yake ilihusishwa na afya ya mashamba. Mvua ikigoma, kiti chake kilitikisika. Ibada za kuanza kupanda, matambiko kwa wahenga, dawa za mbegu, vyote hivi vilizunguka nafaka ambayo kaya nzima ikiikosa ingekufa au ingehama. Ngano haikuhitaji mvua ya mtemi. Ilihitaji ndoo. Zao linalomwagiliwa kwa amri ya bwana halina haja ya kuombewa. Likikauka atalaumiwa mchota maji, halitalaumiwa kaburi la babu.

Sanaa ya eneo hili inaunga mkono hoja hiyo kwa njia ya pembeni. Kiti cha enzi cha Buruku, kazi ya fundi wa Kinyamwezi iliyochukuliwa enzi za Wajerumani na kupelekwa Berlin, kina mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu. Kilichoheshimiwa ni ukoo na mamlaka. Milango ya nakshi ya mtindo wa pwani, ambayo wafanyabiashara waliipenda hadi huku bara, ina minyororo, samaki, maua ya yungiyungi na mitende, na sijaona hata mmoja wenye suke la ngano.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umo kwenye sarafu. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Lulanguru, jirani na Tabora. Zaidi ya 16,000 zilitoka. Upande mmoja una tai wa dola. Upande wa pili una tembo, mkonga juu, mlima nyuma yake. Mji wa kale wa Metapontum, koloni la Wagiriki kusini mwa Italia, ulitia suke la shayiri kwenye fedha zake kwa vizazi vingi, kwa kuwa mashamba ndiyo yaliyoutajirisha. Tabora ilitia tembo. Hata mkoloni aliyefika jana, aliyekuwa na haraka na maadui mlangoni (Wabelgiji waliuteka mji Septemba mwaka huohuo), alijua mji huu uliinuliwa na pembe. Pembe ndizo zilizomleta Musa Mzuri, yule tajiri wa Kihindi aliyekuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza kuweka makazi hapa; pembe ndizo zilizomfanya Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, aoe katika nyumba ya mtemi Fundikira. Ngano ilifuata nyuma, kama kiungo cha mapishi ya matajiri hao.

Hata hivyo si kweli kwamba mawazo ya watu wa Tabora hayakuwa na ngano kabisa. Yalikuwa nayo, ila ilifika imekwisha kuwa maandiko. Upande wa Waislamu, wafasiri wa Kurani walibishana tangu zamani kuhusu mti aliokatazwa Adamu. Tabari, aliyefariki mwaka 923, ananukuu waliosema ni suke la ngano, waliosema ni mzabibu na waliosema ni mtini, kisha yeye mwenyewe anakataa kuchagua. Kwa waliopokea kauli ile ya kwanza, ngano ndiyo iliyomtoa binadamu peponi na kumtia kwenye jembe. Sura ya Yusufu nayo ina mashuke saba mabichi na mengine makavu, ndoto ya mfalme iliyotabiri njaa. Darasa za namna hii zilisomwa popote ilipopita misafara ya pwani, na msikilizaji wa Unyanyembe aliweza kuzielewa vizuri akiweka mtama pale palipotajwa suke.

Upande wa Wakristo mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu Kanisa Katoliki halikubali mbadala. Mkate wa Ekaristi lazima uwe wa ngano tupu. Mtama, mahindi wala muhogo havifai, na sheria hiyo ingali inasimama katika kanuni za mwaka 1983. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walipopita Tabora kuanzia 1878, walibeba imani ambayo tendo lake kuu lilihitaji nafaka ya bustani za Waarabu. Baadaye jimbo lilikua, seminari ya Kipalapala ikafunguliwa mwaka 1925, na picha ya ngano ikaenea kwa njia ya kitambaa: suke na zabibu zilizotariziwa kwenye kasula na vitambaa vya altare. Hizo ndizo ngano ambazo mkazi wa kawaida wa Tabora amezitazama kwa karibu. Mfano wa ngano na magugu, au ule wa chembe inayokufa ardhini, huhubiriwa kila mwaka kwa waumini ambao wengi wao hawajawahi kushika suke lenyewe.

Bustani zilitoweka taratibu. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliangushwa na Wajerumani mwaka 1893, biashara ya pembe ikahamia mikono mingine, na reli ikafika Tabora mwaka 1912. Garimoshi liliivunja ile hesabu ya frasila mbili: gunia la unga sasa lingeweza kutoka pwani kwa siku chache bila kula chochote njiani. Mwaka 1922 utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika, na pamoja nao akaondoka mchota maji. Sioni sababu ya kutafuta maelezo mengine. Udongo ni uleule, kipupwe ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anabeba na nani anamwagilia.

Kinachoshangaza ni kwamba mlaji aliongezeka pale mlimaji alipokoma. Ukipita Isevya, mtaa wa Tabora, asubuhi, mama wa kibaraza amekwisha kanda unga tangu alfajiri. Anausukuma, anaupaka mafuta, anaukunja, anauacha upumzike, kisha anausukuma tena ili chapati ipate matabaka. Pembeni maandazi yanaumuka chini ya kitambaa. Chakula kilichokuwa cha liwali kinauzwa kwa mtoto wa shule, na mwendesha bodaboda anakila amesimama. Sehemu kubwa ya ngano hiyo inatoka nje ya nchi; mahitaji ya Tanzania yanakaribia tani milioni 1 kwa mwaka na mashamba yetu hutoa sehemu ndogo tu. Meli ikichelewa au vita ikizuka Bahari Nyeusi, mama wa Isevya huambiwa na bei ya mfuko. Chapati zake hupungua unene kwanza, kisha bei hupanda.

Kuna mahali pamoja Tanzania ambapo ngano iligusana na mambo matakatifu ya watu, na mguso huo ulikuwa wa jembe la trekta. Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang', Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa kuanzia miaka ya 1970, hadi kufikia takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Humo yalikuwamo makaburi ya wazee wao mashuhuri, vilima vya udongo vilivyoinuliwa kwa sherehe ya miezi mingi na kuendelea kutembelewa kwa tambiko. Baadhi ya vilima hivyo vililimwa na kusawazishwa. Wabarabaig walilalamika kwamba wamenyang'anywa malisho na mababu kwa pamoja.

Ninaitaja Hanang' kwa kuwa inaipa nguvu hoja ya Tabora kutoka upande wa pili. Kwa mipango ya serikali ngano ilikuwa hitaji la taifa, na ilipewa ndege za kunyunyizia dawa, mashine za kuvunia na wataalamu. Kwa jirani wa shamba haikuwa chakula, wala njaa yake haikutegemea mavuno yale. Aliyeila alikuwa mjini. Ni uhusiano uleule wa bustani ya Kwihara, umekuzwa mara elfu, isipokuwa hapa nafaka isiyo na kisasili ilipandwa juu ya visasili vya watu wengine. Wanakijiji wa Mulbadaw, mojawapo ya vijiji vya hapo, walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikisema hawakuthibitisha umiliki wao wa kimila. Kanada ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na NAFCO yenyewe haipo tena.