Kiti cha mtoto garini: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Kiti cha kugeuzwa hufungwa garini kikielekea nyuma mtoto akiwa mchanga, kisha mbele akishakua. Kwa mzazi anayesafiri kutoka Kobero, katika tarafa ya Butihinda, hadi Gitega, kigezo cha kwanza ni muda ambao kiti kinaweza kuelekea nyuma. Gari linapogongana uso kwa uso, mgongo wa kiti hukinga kichwa na shingo changa. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa hutaka hivyo hadi angalau miezi 15.

Kichaguliwe kiti chenye kikomo kikubwa cha urefu na uzito kikielekea nyuma, kinachofungika imara katika gari lenyewe. Kilichowahi kupata ajali hakifai. Kikielekea nyuma, kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.