Jinsi ya kuunda meli yako ya angani na Lego ukiwa Kisumu, na ifike bila kuvunjika

Kama umewahi kupita bandari ya Kisumu ukaona MV Uhuru imetulia hapo, jua hiyo ngoma ilikuja ikiwa vipande. Kampuni ya Yarrow ya Glasgow, Scotland ndiyo iliitengeneza, vipande vikaletwa mpaka Kisumu, vikaunganishwa hapa, na ikaanza kubeba mabehewa ya treni mwaka wa 1966. Na haikuwa ya kwanza. Zamani kabisa, SS William Mackinnon ilifungwa kwa boliti kule Paisley, kila kipande kikapigwa namba, ikafunguliwa yote, ikasafirishwa, kisha ikajengwa upya kando ya ziwa.

Kwa hivyo msee akikuambia kuunda meli kwa vipande ni mchezo wa watoto wa Milimani, mwambie Kisumu imefanya hiyo kazi zaidi ya miaka mia moja.

Leo tunaongelea meli ya angani ya Lego. Si ile ya kununua kwa boksi na kufuata picha. Ni yako, kutoka kwa kichwa chako. Hii hapa rada yote, kuanzia wazo mpaka mwisho.

MOC ni nini?

Wapenzi wa Lego huita kitu ulichobuni mwenyewe MOC. Inaweza kuwa na vipande 50 ama 5,000. Kuna mabingwa hujenga meli zenye urefu wa zaidi ya vinundu 100 (kinundu ni kile kiduara kilicho juu ya tofali), na kila Septemba hushindana kumaliza moja ndani ya mwezi. Vinundu 100 ni sentimita 80. Usianze hapo. Anza na kitu kinatoshea mikono miwili.

Hesabu ya kujua kabla hujashika tofali

Usiogope, ni fupi:

- Kutoka kinundu kimoja mpaka kingine ni milimita 8.
- Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, bila kuhesabu kinundu.
- Kibao, kile kipande chembamba, kina milimita 3.2. Vibao vitatu ni sawa na tofali moja.
- Vibao vitano vikipangwa juu ya vingine ni milimita 16, sawa kabisa na upana wa vinundu viwili.

Hiyo ya mwisho ndiyo siri ya meli zote kali unaona mtandaoni. Inamaanisha unaweza kulaza ukuta ubavu, vinundu vikiangalia nje, na bado vipimo vikutane bila pengo. Tafuta vile vipande vidogo vyenye vinundu kando, ndivyo hukuwezesha kugeuza mwelekeo.

Unataka zoezi la kuanza? Satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018, na ilikuwa kijisanduku cha karibu sentimita 10 kila upande. Jenga sanduku la vinundu 12 kwa 12, urefu matofali 10. Kila upande utakuwa na sentimita 9.6. Yaani unaweza kuwa na satelaiti ya Kenya karibu saizi yake halisi kwa meza yako ya keja.

Umbo: enda Dunga kwanza

Shida ya wengi ni kunakili meli za filamu. Zote zinafanana. Wewe uko na ziwa, tumia. Enda Dunga Beach asubuhi uangalie boti za wavuvi: ndefu, nyembamba, mdomo mbele umechongoka, rangi zinawaka na jina limeandikwa ubavuni. Hiyo tayari ni meli ya angani, imekosa tu injini. Ama angalia mbuta akiwa mezani: mgongo umeinuka, mkia mpana, mapezi yamesimama. Mapezi ndiyo mabawa yako.

Chora kwa karatasi mara tatu: kutoka juu, kutoka kando, kutoka mbele. Ikiwa kivuli chake tu hakikufurahishi, hata ukiongeza mapambo mia haitasaidia.

Halafu chagua kioo cha rubani kabla ya kitu kingine chochote. Kioo hauwezi kujiundia, kwa hivyo kile ulicho nacho ndicho kitaamua upana wa meli. Mtu wa Lego ana urefu wa karibu sentimita 4. Mkalishe ndani, funga kioo, kisha jenga kuanzia hapo ukirudi nyuma.

Mifupa: hapa ndipo nililia

Acha niwape risto. Nikiwa second year karo ilikatika, nikarudi nyumbani Kondele nikiwa na laptop na hasira. Brathe yangu mdogo alikuwa na siku ya maonyesho shuleni, akaniomba nimuundie meli. Nilijenga wiki mbili. Ilikuwa safi, nyeupe na samawati, mabawa mapana, kila mtu ploti alikuja kuiona. Asubuhi ya siku yenyewe tukapanda boda, mimi nimeishika kifuani. Tulipopiga tuta la pili ikakatika katikati, bawa moja likaanguka barabarani. Brathe aliingia shule na mfuko wa vipande. Hakuniongelesha mpaka jioni.

Nilivyoifungua usiku huo nikaona makosa ni yangu, si ya tuta. Nilikuwa nimepanga vibao safu moja juu ya nyingine, na viungo vyote vimekutana mahali pamoja. Fundi yeyote wa mjengo angenichapa kofi. Ukuta wa mawe hujengwa kila jiwe likikalia kiungo cha mawe mawili ya chini. Lego ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo:

1. Uti wa mgongo ujengwe kwanza, kutoka pua mpaka injini. Mihimili ya Technic, ile yenye matundu na pini, ndiyo bora. Ukikosa, safu tatu za vibao virefu, viungo vikipishana.
2. Mabawa yasiningʼinie ubavuni. Pitisha kipande kirefu ndani ya tumbo la meli, kutoka bawa moja mpaka la pili, ili uzito ukae kwa uti wa mgongo.
3. Injini huwa nzito. Ukiona meli inaketi mkia chini, ongeza matofali mazima ndani ya pua.
4. Ngozi ya nje ije mwisho. Ukianza na urembo, utaogopa kuifungua ukigundua ndani ni dhaifu.

Jaribu kwa kompyuta kabla ya kutoa doo

Programu inaitwa Studio, ya BrickLink, na ni bure. Inahitaji kompyuta, kwa hivyo kama hauna, beba flashi uende saiba ama uombe beshte. Inakuonyesha vipande viwili vikigongana, inakuambia meli itasimama ama itaanguka, na inakupa orodha ya kila kipande unachohitaji. Ukimaliza unaweza kutengeneza kitabu cha maelekezo, hatua kwa hatua.

Ni kama wale wa Paisley: funga kila kitu kwanza, piga namba, ndio ulete Kisumu.

Onyo moja: kwa skrini hakuna mvutano wala tuta. Meli inaweza kuwa sawa kwa kompyuta na ikakuaibisha mkononi.

Vipande vinatoka wapi?

Boksi jipya la Lego ni ghali, hatudanganyani. Njia za mtaa:

- Kibuye. Jumapili ndiyo siku kubwa. Uliza wanaouza toys za mitumba, kuna wakati matofali huwa yamechanganywa ndani ya gunia na midoli. Amka mapema na usionyeshe umefurahi, bei itapanda.
- Matofali ya China. Mengi yana vipimo vile vile, yanashikana na Lego. Shida ni kwamba mengine yanalegea. Nunua kidogo, unganisha na utenganishe mara kumi, ukiona yameanza kuteleza, yatumie kwa mapambo, si kwa mifupa.
- Kubadilishana na mabeshte. Wewe uko na magurudumu mengi, yeye ako na mabawa. Maneno kwisha.

Ukifika nyumbani, osha na sabuni na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Usianike kwa jua la Kisumu. Jua hugeuza matofali meupe na kijivu yawe manjano. Kausha kivulini, na meli yenyewe isikae dirishani.

Kuisafisha: toleo la pili, la tatu, la nne

Hapa ndipo wengi huacha, na hapa ndipo meli huanza kuwa yako kweli. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha pande zote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ndio ujue ni nini kimesaidia. Angalia haya:

- Rangi. Mbili kuu na moja ya kuchokoza. Zikizidi hapo inakaa nganya.
- Vinundu. Funika sehemu kubwa na vigae, vile vibao laini visivyo na vinundu. Acha vichache vionekane, ni Lego bado.
- Vidude. Mabomba, antena na grili ziwekwe sehemu moja au mbili, kama karibu na injini. Ukijaza kila mahali jicho halina pa kupumzika.
- Tumbo. Igeuze. Kama chini ni fujo, bado hujamaliza.
- Mtihani. Ishike kwa mkono mmoja, kimbia nayo ndani ya nyumba ukipiga kelele ya injini. Kinachoanguka ndicho cha kurekebisha.

Na usione aibu kurudia. Lego wenyewe walitoa meli yao maarufu ya Galaxy Explorer mwaka wa 1979 ikiwa na vipande 338. Mwaka wa 2022, wakisherehekea miaka 90 ya kampuni, waliiunda upya: umbo lile lile, imekuzwa mara moja na nusu, vipande 1,254. Walikaa miaka 43 na bado walipata cha kuboresha.

Yangu iko wapi saa hii?

Toleo la nne liko juu ya TV ya mathe. Bawa ni refu kuliko la kwanza, tumbo lina mihimili miwili ya Technic niliyotoa kwa trekta mbovu ya Kibuye, na pua imechongoka kama boti ya Dunga. Brathe ndiye mkaguzi. Nikimaliza kubadilisha kitu, anaibeba kwa mkono mmoja, tunapanda boda, tunazunguka mpaka Nyamasaria na kurudi, tukipitia matuta yote.

Mara ya mwisho kilianguka kioo peke yake. Alikidaka kabla kifike chini, akaniambia, "Hapo karibu." Nashughulikia toleo la tano.