Magari ya zamani na petroli ya kisasa

Injini za magari ya miaka ya 1950 na 1960 ziliundwa kutumia petroli yenye madini ya risasi. Petroli ya kawaida inayouzwa leo Uingereza, Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya haina risasi, na imechanganywa na ethanoli, yaani kilevi kitokanacho na mimea.

Mabadiliko hayo mawili hudhuru sehemu tofauti za gari, na kila moja lina tiba yake. Mwenye gari asiyeyatenganisha aweza kugharimia tiba ya ugonjwa ambao gari lake halina, huku ule wa hatari zaidi ukiachwa.

Kuondoka kwa risasi

Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors ya Marekani, aligundua kuwa kiasi kidogo cha risasi huzuia petroli kulipuka kabla ya wakati wake na kuifanya injini igonge. Mafuta hayo yalianza kuuzwa mwaka 1923.

Baadaye ilithibitika kuwa moshi wake hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Marekani iliyapiga marufuku katika magari ya barabarani mwaka 1996, na Uingereza ikasitisha mauzo yake ya kawaida mwaka 2000. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Kenya na Tanzania, zilikuwa zimeyaacha kufikia Januari 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Hata hivyo, risasi ilikuwa na kazi ya pili. Iliacha utando mwembamba kati ya vali ya kutolea moshi na kiti chake. Bila utando huo, chuma cha moto hugusana na chuma, na kiti cha vali huliwa kidogo kidogo. Mwishowe vali haifungi barabara, nayo huungua.

Walio hatarini zaidi ni wenye injini ambazo viti vyake vimechongwa moja kwa moja katika chuma cha kusubu, kama ile ya Morris Minor. Dalili yake ni nafasi ya tapeti ya vali ya kutolea moshi inayopungua kila inapopimwa.

Tiba ya kudumu ni kuwekewa viti vya chuma kigumu wakati injini inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa. Gari linalotembea polepole, tena mara chache, laweza kungoja hadi siku hiyo. Linalokwenda kasi kwa safari ndefu huhitaji dawa ya kulinda vali, inayotiwa katika tangi. Haishauriwi kuchanganya dawa za aina mbalimbali.

Kuingia kwa ethanoli

Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida nchini Uingereza ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10. Nchini Marekani, mchanganyiko wa kiwango hicho umeenea karibu kila kituo cha mafuta.

Ethanoli huyeyusha au kudhoofisha mipira ya zamani, gasketi za gome la mti na matangi ya faibagilasi. Aidha, huvuta unyevu wa hewani, na maji yakizidi hutengana na petroli, yakakaa chini ya tangi na kuleta kutu.

Hatari kubwa kuliko zote ni moto. Bomba la mpira lililopasuka huvujisha petroli juu ya injini yenye joto. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua dawa, bali ni kubadilisha mabomba yote ya mpira ya mafuta, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta. Yanayofaa ni yale yenye alama ya R9, ambayo utando wake wa ndani hustahimili ethanoli. Mpira wa pampu ya mafuta na gasketi za kabureta hukaguliwa wakati huohuo.

Ethanoli pia hubeba oksijeni, hivyo kabureta iliyopimwa kwa petroli tupu hupeleka mafuta machache kuliko yanayohitajika. Injini huwa na joto zaidi na hukosa nguvu. Fundi aweza kuirekebisha kwa kuongeza mafuta kidogo katika kabureta.

Nchini Uingereza njia nyepesi ni kununua petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida haizidi ethanoli ya asilimia 5. Okteni yake ya 97 au zaidi pia huzuia injini kugonga.

Joto na maegesho

Mahali pa joto kali, kama nchi za Ghuba, petroli huweza kuchemka ndani ya bomba na gari likazimika, hata kama haina ethanoli. Bomba huondolewa karibu na eksozi, au hukingwa kwa bati la kuzuia joto.

Gari linaloegeshwa kwa miezi mingi lisiachwe na petroli ya ethanoli katika kabureta. Kabla ya kuliwasha tena, mwenye gari akague mabomba kwa macho na kwa pua. Harufu ya petroli katika gereji ni onyo la kutosha: injini isiwashwe mpaka panapovuja papatikane.