Wayunani na Rafiki Zao wa Marekani

Wayunani twawajua kwa Maandiko; jina hilo tumelipata kwa Waarabu, ingawa siku hizi wengi husema Wagiriki. Baada ya kutawaliwa na Waturuki karne nyingi, waliondoka kupigania uhuru wao mwaka 1821. Mwaka ule ule wazee wa Messenia, waliokutana katika mji wa Kalamata, waliwaandikia watu wa Marekani waraka wa kuomba msaada. Edward Everett, mwalimu wa Kiyunani katika chuo cha Harvard, aliutangaza waraka huo mwaka 1823, nasi twafurahi kuona kwamba moto ule ulichochewa na mwalimu wa lugha.

Serikali ilisita. Rais Monroe, katika hotuba yake ya Desemba 1823, aliwatakia Wayunani heri, walakini alisema pia kwamba Marekani haitajiingiza katika vita vya Ulaya. Mwezi uliofuata Daniel Webster aliliomba Baraza lipeleke mjumbe Uyunani, asikubaliwe. John Quincy Adams, aliyeshika mambo ya nchi za nje, hakutaka. Tena wafanya biashara wa Smyrna walihofia mali yao.

Basi watu wenyewe wakachanga, katika New York, Boston, Philadelphia na hata vijijini. Lakini si kila lililofanywa Marekani lilikuwa jema. Kwa fedha zilizokopwa London, Wayunani waliagiza manowari mbili huko New York. Gharama zikazidi mno, hata ikawapasa kuiuza moja kwa serikali ya Marekani ili wailipie ya pili, nayo haikufika Uyunani ila mwisho wa mwaka 1826. Ni aibu kwa waliojiita rafiki.

Chakula kilifanya kazi bora. Katika mwaka 1827 na 1828 merikebu zilichukua unga, mahindi, mchele na nguo kwa ajili ya wanawake, watoto na wazee, wala si kwa askari. Daktari Samuel Gridley Howe, aliyekuwa amewatibu majeruhi vitani, alikataa kuwalisha bure wenye nguvu; katika kisiwa cha Aegina aliwaajiri mamia ya wakimbizi kujenga gati, na ujira wao ulikuwa chakula.

Yatupasa kutaja na hili. Hesabu ya watu ya mwaka 1820 ilionyesha katika Marekani yenyewe watumwa zaidi ya 1,500,000, na wengi waliomlilia Myunani aliyeuzwa sokoni hawakumtazama mtumwa wa shamba la jirani. Si wote. Jonathan Miller wa Vermont, aliyepigana Uyunani kisha akagawa chakula kile, alirudi kwao na yatima wa Kiyunani akamlea kama mwanawe. Na mwaka 1840 alivuka bahari tena kwenda London, kuhudhuria mkutano mkuu wa kupinga utumwa.