Ndege zilizotua kwa kishindo delta ya Rufiji, 1914–1915

Ukitaja ajali ya ndege Tanzania wengi wanakumbuka Bukoba, Novemba 2022. Lakini delta ya Rufiji, ambayo leo ipo wilaya ya Kibiti, iliona ndege zikivunjika zaidi ya miaka 100 iliyopita. Shuleni niliisikia juu juu tu, kwa hiyo nimeipanga hapa.

CHANZO
Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar. Baadae ikajificha kwenye mito ya delta, maeneo ya Salale. Mikoko ikaifunika, kutoka baharini huioni ng'o. Waingereza wakaona dawa ni kuitafuta kutoka juu.

NDEGE YA MTU BINAFSI
Ya kwanza ilikuwa ya kiraia: Curtiss ndogo ya kutua majini, injini moja. Rubani alikuwa Dennis Cutler, raia aliyekodiwa kutoka Durban. Novemba 1914 aliruka bila dira, akapotea, ikabidi atue kwenye kisiwa. Aliporudia akaiona meli. Tarehe 10 Desemba injini ikamzimikia, akashuka mtoni kwenye eneo la Wajerumani, wakamdaka. Ndege ya injini mbili moja ikizima bado una matumaini. Yake ikizima ndo basi, unatafuta pa kushukia.

JOTO
Mwaka 1915 zikaletwa Sopwith, halafu Short. Zilikuwa za mbao, kitambaa na gundi, na joto la delta na unyevunyevu wake vikaachanisha gundi. Halafu hewa ya joto ni nyepesi: bawa halipati pa kuegemea na injini inapungua nguvu. Kuruka tu ilikuwa kazi.

11 JULAI 1915
Siku hiyo meli za mizinga Severn na Mersey ziliingia mtoni. Juu walikuwa John Cull na Harwood Arnold, kwenye ndege ya Henry Farman iliyotoka kisiwa cha Mafia. Kazi yao ilikuwa kuelekeza mizinga kwa redio. Wakapigwa, injini ikafa. Wakati ndege inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha! Ilikuwa ndege ya magurudumu, sio ya majini, na gurudumu likigusa maji kwa kasi linakwama, pua inazama. Ikapinduka kabisa. Arnold akachomoka, akamnasua Cull aliyekuwa amenasa. Wote wakapona.

Königsberg ikawaka moto, na nahodha Max Looff akaamuru izamishwe.

BAADA YA HAPO
Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 na kupigana nayo nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Vita ikaendelea mpaka 1918, na wapagazi wetu wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi hao.

Mimi ndo kinachoniuma hapo. Marubani waliovunja ndege tunawajua kwa majina, na wakapewa nishani. Waliobeba mizigo na kuvuta mizinga hatuwajui. Kama una babu au bibi Salale, Mbuchi au Msala, muulize alisimuliwa nini na wazee wake, halafu uandike na majina.