Vizio vya Uga Umeme: Vya Kale na Vya Sasa

Wakulima wa Kibatemi katika tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, huyagawa maji ya mifereji yao kwa zamu wala si kwa lita, na wazee waitwao wenamiji ndio wenye kauli juu ya zamu hizo. Mtumishi wa serikali atakaye kuandika katika taarifa yake kwamba zamu moja ni lita kadha wa kadha atashindwa, mpaka kwanza apime mwendo wa maji katika mfereji wenyewe. Tena jawabu la masika halitakuwa jawabu la kiangazi. Zamu hupima muda, lita hupima ujazo. Baina yao hakuna hesabu pasipo kuleta kitu cha tatu.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu jambo lilo hilo huwasumbua wafasiri wa vitabu vya fizikia. Nilipata kukagua rasimu ya tafsiri ya kitabu cha zamani cha sekondari. Mwandishi wa asili alieleza kwamba cheche huanza kuruka hewani pale uga umeme unapofikia takriban vizio 100 vya kielektrostatiki. Mfasiri akaandika "volti 30,000 kwa mita". Alikumbuka, na hilo ni kweli, kwamba stativolti moja ni karibu volti 300, akazidisha, akatosheka. Alilosahau ni kwamba kizio cha kale huhesabiwa kwa kila sentimita, nasi leo twahesabu kwa kila mita. Jawabu ni volti 3,000,000 kwa mita. Tarakimu yake ilikuwa pungufu mara mia.

Kosa hilo si dogo. Chini ya wingu la radi uga umeme karibu na ardhi waweza kufikia volti 10,000 kwa mita, hata kupita. Mwanafunzi wa Sale akiisoma tarakimu ile atadhani kuwa kila wingu la mvua limekaribia kuigeuza hewa yote juu ya kiwanja cha shule kuwa cheche, na mwalimu wake hatakuwa na njia ya kumweleza kwa nini radi huchagua mti mrefu au ncha ya paa, mahali ambapo uga hukusanyika na kuwa mkali kuliko kwingine.

Vizio hivi viwili vilitokeaje? Mwaka 1873 kamati ya wanasayansi wa Uingereza ilipendekeza mfumo wa sentimita, gramu na sekunde. Kizio cha chaji kilitokana na kani: ni ile chaji ambayo, ikiwekwa sentimita moja kutoka kwa mwenzake aliye sawa nayo, husukumana naye kwa kani ya daini moja. Mafundi wa simu za waya waliona vizio hivyo havifai kwa kazi zao, na mkutano wa Paris wa mwaka 1881 ukaidhinisha volti na omu. Mwaka 1901 Mtaliano Giovanni Giorgi alionyesha kwamba mita, kilogramu na sekunde, vikiongezewa kizio cha nne cha umeme, vingeweza kuiunganisha mifumo hiyo. Ilichukua muda mrefu kukubaliwa. Mfumo wa Kimataifa wa Vizio ulipewa jina lake mwaka 1960.

Sisi wenyewe si wageni wa kubadilishiwa mizani. Pwani ilipima kwa kibaba, pishi na frasila. Wajerumani wakaleta mita na kilo. Waingereza wakazirudisha nyuma kwa ratili, futi na maili. Baada ya uhuru tukarejea kwenye mita. (Reli ya Kati haikushughulishwa na siasa hizo. Wajerumani waliijenga kwa upana wa mita moja, na kwa upana huo huo ikahesabiwa kwa maili.)

Kwa ukali wa uga umeme, basi, stativolti moja kwa sentimita ni takriban volti 29,979 kwa mita, na shuleni 30,000 yatosha. Msomaji makini atatambua katika tarakimu hizo mwendo wa nuru, ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Lakini mfasiri asiichukue 30,000 akaitumia popote aonapo kizio cha kale. Katika mfumo wa kale, uga umeme na kile kiasi cha pili ambacho wanafizikia hukiandika kwa herufi D vilikuwa, mahali pasipo na mata, tarakimu moja na kizio kimoja. Katika mfumo wa sasa hicho cha pili hupimwa kwa kulombi kwa mita ya mraba, na kizio kimoja cha kale ni kama 0.000000265 tu. Kilichoingia kati ni thabiti ya ombwe, nayo ndiyo mwendo wa maji katika mfereji.

Limebaki neno lenyewe. Wengi huandika "nguvu ya uga umeme", nami siliungi mkono. "Nguvu" imebebeshwa mizigo mingi: kani, uwezo, hata mamlaka. Uga si kani. Ni kani kwa kila kizio cha chaji. Napendelea "ukali", kama tusemavyo ukali wa jua, ambao waweza kuwapo hata kama hakuna aliyesimama juani. Vivyo hivyo "kizio" kisichanganywe na "kipimo", ambacho kwa watu wengi ni chombo cha kupimia.

Rasimu ilirudishwa kwa mfasiri ikiwa na tarakimu mpya, na "ukali" katika kurasa zote isipokuwa moja. Hapo mwandishi wa asili alikuwa akizungumzia msukumo wenyewe juu ya chaji, nasi tukaandika "kani".